Kuhesabu, Kuzuia na Kukomea: Dhana ya Sensa katika Historia ya Unguja na katika Utafiti wa Tiba

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania Bara neno sensa lina maana moja inayofahamika na watu wote, nayo ni hesabu ya watu inayofanywa na Serikali kila baada ya miaka kadhaa. Unguja neno hilo lina maana ya pili. Kazi ya kukagua filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani huitwa pia sensa, na chombo kinachosimamia kazi hiyo, kilichoundwa upya mwaka 2015, kimelihifadhi neno hilo katika jina lake: Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Bara, kwa miaka mingi, kazi ya namna hiyo iliitwa ukaguzi. Hivyo basi, Mzanzibari akiambiwa kwamba kitu kimefanyiwa sensa, hana budi kuuliza kwanza: kimehesabiwa, au kimezuiwa?

Kuna maana ya tatu, ambayo haimo katika neno hili la Kiswahili. Wanatakwimu wanaoandika kwa Kiingereza hutumia neno lenye asili hiyo hiyo kwa mtu aliyefuatiliwa katika utafiti, kisha habari zake zikakatika kabla tukio linalongojewa halijaonekana. Tukio hilo huweza kuwa kifo, kupona, kuambukizwa au kujifungua. Mtu huyo hakuzuiwa na yeyote, wala hakuachwa nje ya hesabu. Kinachojulikana ni kwamba mpaka siku ya mwisho aliyoonekana, tukio lilikuwa halijamfika.

Makala haya yanadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba dhana hii ya tatu, ijapokuwa imekuja na vitabu vya takwimu, si ngeni kwa fikra za watu wa Unguja: mahakama za makadhi zina elimu yake ya kale kuhusu mtu ambaye habari zake zimekatika. La pili ni kwamba uchaguzi wa neno la Kiswahili kwa dhana hii si suala la ufasaha pekee. Neno baya hubeba hukumu ndani yake, na hukumu hiyo huweza kuingia katika daftari la kliniki, na kutoka huko ikaingia katika hesabu ya vifo.

2. Asili moja, kazi mbili

Maana mbili za Unguja zina baba mmoja. Katika Roma ya kale palikuwa na afisa aliyeitwa censor. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaandikisha raia na mali zao. Kazi yake ya pili ilikuwa kusimamia maadili, na aliweza kulishusha daraja la mtu aliyemwona hafai. Lugha za Ulaya baadaye zilizigawa kazi hizo kwa maneno mawili yanayokaribiana. Kiswahili cha Unguja kilipoyapokea maneno yote mawili kwa matamshi ya Kiswahili, yalikutana tena katika umbo moja.

Katika maana ya kuhesabu, historia ya Unguja ni ndefu. Sensa ya mwaka 1958, iliyofanywa chini ya utawala wa Kiingereza, ilipata watu 299,111 Unguja na Pemba. Kati yao 165,253 walikuwa Unguja. Baada ya Muungano, hesabu zilifanywa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya 2002 iliwakuta watu 984,625 Zanzibar nzima, na ile ya 2022 ikawakuta 1,889,773. Msingi wa kazi hii ni kwamba asiachwe mtu: mkaazi wa Mji Mkongwe na mvuvi wa Nungwi wana uzito mmoja.

Katika maana ya kuzuia, historia nayo si fupi. Mji Mkongwe ulikuwa na majumba ya sinema tangu zamani. Lile la Royal lilifunguliwa mwaka 1921. Wakati wa ukoloni filamu zilikaguliwa kabla ya kufika mbele ya watazamaji, na desturi hiyo iliendelea baada ya Mapinduzi ya 1964. Magazeti nayo yalipata sehemu yao: mnamo Novemba 2003 gazeti la Dira, lililokuwa likitolewa Zanzibar, lilipigwa marufuku.

Jambo la kuzingatia katika maana hii ya pili ni uhusiano kati ya anayezuia na kinachozuiwa. Mkaguzi wa filamu ameiona filamu yote. Anajua kipande alichokikata kilikuwa na nini, na amekikata kwa sababu anajua. Anayekosa habari ni mtazamaji tu. Katika takwimu hali ni kinyume kabisa. Hapo hakuna aliyeona sehemu iliyokosekana: si mtafiti, si daktari, wala si msomaji wa ripoti. Kwa hiyo mfasiri akichukua neno la kuzuia, kuficha au kufuta na kulitia katika takwimu, anamwambia msomaji kwamba yupo mtu anayejua na amenyamaza. Huo si ukweli, na katika utafiti wa tiba ni tuhuma nzito.

3. Aliyesafiri asirudi

Kwa karne nyingi maisha ya Unguja yalifuata pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, kusi iliyarudisha. Mume aliyepanda jahazi aliacha nyuma mke, watoto, pengine nyumba na minazi. Msimu ulipogeuka na yeye asionekane, palizuka swali la kisheria: je, mtu huyu ahesabiwe hai au maiti?

Sheria ya Kiislamu humwita mtu huyo mafkudi, yaani aliyepotea, asiyejulikana uhai wake wala kifo chake. Wanazuoni hawakumhukumu kwa kubahatisha. Katika mali yake mwenyewe alihesabiwa hai, kwa kuwa uhai ndio hali ya mwisho iliyojulikana kwa yakini. Hivyo mali yake haikugawanywa. Katika mirathi ya wengine, fungu lake liliwekwa kando mpaka jambo lake libainike. Kuhusu mkewe palikuwa na ikhtilafu. Wafuasi wa Imamu Malik walimwekea mke muda wa kungoja wa miaka minne, kisha eda ya kufiwa, ambayo ni miezi minne na siku kumi. Kauli mpya ya Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yenye wafuasi wengi Unguja, ilimtaka mke angoje mpaka kifo cha mumewe kithibitike.

Lililo muhimu zaidi kwa mada hii ni namna kifo cha mafkudi kilivyokadiriwa palipokosekana ushahidi. Wanazuoni wa Hanafi walisema kwamba atahukumiwa kuwa amekufa watakapokuwa wamekufa hirimu zake, yaani watu wa rika lake katika mji wake. Maana yake ni kwamba ujuzi juu ya asiyeonekana hutafutwa kwa wale wanaoonekana na waliofanana naye. Hoja hiyo ndiyo moyo wa hesabu iliyokuja kuandikwa na wanatakwimu karne nyingi baadaye.

4. Hesabu ya waliobaki machoni

Mwaka 1958, mwaka ule ule wa sensa iliyotajwa, Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, walichapisha katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani njia ya kukadiria uwezekano wa kuishi pale ambapo habari za baadhi ya watu zimekatika. Mwaka 1972 Mwingereza David Cox akaongeza njia ya kulinganisha makundi kwa kuzingatia umri, matibabu na mambo mengine. Utafiti mwingi wa leo kuhusu saratani, UKIMWI na kifua kikuu umejengwa juu ya kazi hizo mbili.

Njia ya Kaplan na Meier inaeleweka vizuri kwa mfano wa kubuni. Wagonjwa 10 wanaanza dawa siku moja, nao wanafuatiliwa kwa miezi 12. Mwezi wa 3 wanakufa wawili. Mwezi wa 5 watatu wanahama, na habari zao zinakatika. Mwezi wa 8 anakufa mmoja. Wanne waliobaki wanafika mwezi wa 12 wakiwa hai. Swali ni: uwezekano wa kuishi mwaka mzima ni asilimia ngapi?

Akidhani kwamba wote watatu waliohama wako hai, mtafiti atapata 7 kati ya 10, yaani asilimia 70. Akidhani kwamba wote wamekufa, atapata 4 kati ya 10, yaani asilimia 40. Akiwafuta kabisa kana kwamba hawakupata kuwapo, atapata 4 kati ya 7, yaani karibu asilimia 57. Majibu matatu, na kila moja limepatikana kwa kusema jambo lisilojulikana au kwa kutupa jambo linalojulikana.

Kaplan na Meier walifanya vingine. Mwezi wa 3 palikuwa na watu 10 machoni, wakabaki 8. Uwezekano wa kuvuka hapo ni 8 kwa 10. Mwezi wa 8 watu waliokuwa machoni ni 5 tu, kwa kuwa watatu walikwisha kuondoka. Wakabaki 4, na uwezekano wa kuvuka hapo ni 4 kwa 5. Sehemu hizo mbili zikizidishwa, jibu ni asilimia 64. Wale watatu hawakufutwa: walihesabiwa kwa miezi yote mitano waliyoonekana, na ndio waliosaidia kulipa kipindi cha kwanza uzito wake. Baada ya hapo hawakusemewa chochote. Makadirio ya siku zao zilizobaki yameegemezwa kwa hirimu zao walioendelea kuonekana.

Hata hivyo, hesabu hii ina sharti. Ni lazima kuondoka kwa mtu kusihusiane na hali yake. Ikiwa walioondoka ni sawa na waliobaki, asilimia 64 ni makadirio ya haki. Ikiwa waliondoka kwa sababu walikuwa mahututi, hesabu imedanganya, nayo haitoi dalili yoyote ya udanganyifu wake.

5. Ushahidi wa visiwani

Zanzibar si mgeni wa tafiti za namna hii. Katika kisiwa cha Pemba, ambako Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa mwaka 2000, lilifanywa jaribio la kuwapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, na la kuwapa zinki. Katika sehemu iliyochapishwa mwaka 2006 walihusishwa watoto 24,076. Mwezi wa Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa watoto hao walilazwa hospitali au kufariki kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 12. Matokeo hayo yaliufanya ulimwengu uangalie upya ugawaji wa chuma katika sehemu zenye malaria nyingi.

Kwa mtazamo wa mada hii, siku ile ya Agosti ilikuwa pia siku ya kukatika kwa habari. Watoto wa makundi hayo waliokuwa wazima waliendelea na maisha yao, lakini habari zao kama wapokeaji wa chuma zilikomea hapo. Sababu haikutoka kwa mtoto wala kwa mzazi; ilitoka kwa watafiti wenyewe, nayo ilikuwa sababu ya heshima.

Utafiti mwingine ulifanywa katika vituo 24 vya afya vya Zanzibar. Wanawake wajawazito 2,550 walifuatiliwa tangu hudhurio lao la kwanza kliniki mpaka siku 42 baada ya kujifungua, ili kupima iwapo ujumbe na mawasiliano ya simu za mkononi yangewaongezea msaada wa wakunga wenye ujuzi. Katika vituo vilivyotumia simu asilimia 60 ya wanawake walizalishwa na wataalamu. Katika vituo vingine ilikuwa asilimia 47.

Ufuatiliaji wa aina hii unapambana na mila inayojulikana na kila mkaazi wa mwambao: mwanamke, hasa mwenye mimba ya kwanza, hurudi kwa mama yake kujifungua na kumaliza arobaini huko. Mwanamke wa Mji Mkongwe anaweza kuwa Makunduchi, Mkokotoni au hata Dar es Salaam siku anayotafutwa. Kutoonekana kwake si uzembe, wala si bahati nasibu. Kumeamuliwa na ujauzito wenyewe, ambao ndio jambo linalochunguzwa. Mtafiti asiyeijua mila hiyo atadhani kuwa habari zimekatika ovyo, kumbe zimekatika kwa utaratibu.

6. Neno mtoro

Katika kliniki nyingi za Tanzania, mgonjwa wa kifua kikuu au wa UKIMWI aliyeacha kuja kuchukua dawa huitwa mtoro. Neno hili ni jepesi mdomoni, na shuleni hutumika kwa mwanafunzi anayekwepa masomo. Unguja, hata hivyo, lina historia nzito. Katika karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyekimbia shamba la karafuu au nyumba ya bwana wake. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa mwaka 1897, neno likabaki. Kwa bwana, mtoro alikuwa hasara na mkosaji. Kwa mtoro mwenyewe, siku ya kutoroka huenda ilikuwa siku ya kwanza ya uhuru. Neno linamwona mtu kwa jicho la aliyeachwa, si la aliyeondoka.

Katika daftari la kliniki neno hili linafanya mambo mawili yasiyostahili. Kwanza linatia hatia: linasema mgonjwa alikuwa na wajibu wa kubaki, naye akauvunja. Pili, na hili ni kosa la kielimu, linadai kuijua sababu ya kutoonekana kwake. Mtoro ni mtu aliye hai anayetembea kwa miguu yake. Maiti hatoroki.

Hatari ya dhana hiyo ilidhihirika Mbarara, Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Kati ya wagonjwa wa kliniki ya UKIMWI waliokuwa wakitumia dawa, 829 walikuwa wamepotea machoni. Watafiti waliteua 128 kati yao na kuwafuata majumbani. Wakapata habari za 111, na ikaonekana kuwa 32 walikuwa wamefariki. Kwa kutumia daftari la kliniki peke yake, vifo vya mwaka wa kwanza vilikuwa asilimia 1.7. Baada ya kuwafuata waliopotea, makadirio yalipanda hadi asilimia 7.5. Tofauti hiyo haikutokana na dawa wala na ugonjwa, bali na kuwafanya wafu kuwa watu walioondoka tu.

Wapo pia walioacha kuja kwa sababu nyingine: nauli, kazi ya msimu, kuhamia kituo kilicho karibu, au kuogopa kuonwa na jirani mlangoni pa kliniki. Neno moja la lawama huwakusanya wote hao katika fungu moja, na likishawakusanya, hakuna anayeona haja ya kwenda kuwauliza.

7. Kutafuta istilahi

Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 kwa kuichukua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja ya Mji Mkongwe imekuwa na wajibu katika uundaji wa istilahi. Wajibu huo uliendelezwa baadaye na Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1978, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Kwa dhana inayozungumzwa hapa, istilahi nzuri inapaswa kutimiza masharti matatu: isimtaje mtu kuwa mkosaji, isidai kwamba yupo anayejua na kuficha, na isiseme lolote juu ya kilichotokea baada ya habari kukatika.

Kudhibiti, kuzuia na kufuta yanashindwa sharti la pili. Mtoro linashindwa yote isipokuwa la pili. Aliyepotea ni afadhali, lakini huelekea kumfanya mtu kuwa ndiye kasoro, ilhali kilichopotea ni habari. Sensa, kwa kuwa tayari lina mizigo miwili Unguja, halifai kubebeshwa wa tatu.

Kitenzi komea kinatimiza masharti yote. Hutumika kwa kitu kilichofika mahali na kisiendelee, kama vile msafara uliokomea Bwejuu. Hutumika pia kwa mlango uliofungwa kwa komeo: aliye nje hajui yaliyomo ndani, lakini nyumba ingali imesimama. Habari za mgonjwa zilikomea mwezi wa tano. Jambo hilo huitwa ukomeaji wa habari. Kiima cha sentensi ni habari, si mgonjwa.

Suala dogo linabaki la aina zake. Vitabu vya Kiingereza hutaja ukomeaji wa kulia, wa kushoto na wa kati. Wa kulia ni pale tukio halijaonekana mpaka mwisho wa ufuatiliaji. Wa kushoto ni pale tukio lilikwisha kutokea kabla ya uchunguzi wa kwanza, kama mtu anayepimwa siku ya kwanza akakutwa tayari ameambukizwa. Wa kati ni pale inapojulikana kwamba tukio lilitokea baina ya hudhurio moja na jingine. Majina haya yametokana na mstari wa wakati uliochorwa na watu wanaoandika kutoka kushoto kwenda kulia. Kiswahili kiliandikwa Unguja kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa muda mrefu kabla ya hapo. Kwa hiyo ni bora kusema ukomeaji wa mbele, wa nyuma na wa kati, kwa maana mbele na nyuma ni maneno ambayo Kiswahili tayari hutumia kwa wakati, na hayategemei hati yoyote.

8. Hitimisho

Sensa ya watu humtafuta kila mtu amhesabu. Sensa ya filamu huchagua kinachopaswa kuonekana. Ukomeaji wa habari ni jambo la tatu: humhesabu mtu kwa kadiri alivyoonekana, kisha hunyamaza. Makadhi waliolizuia fungu la mafkudi bila kumtangaza maiti walikuwa wakishika adabu hiyo hiyo.

Suala hili lina matumizi ya karibu. Kila mshiriki wa utafiti wa afya Zanzibar husomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na katika fomu hiyo huambiwa kwamba ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma. Haki hiyo haina maana ikiwa anayeitumia ataandikwa daftarini kwa jina la kosa. Fomu inapaswa kumweleza, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba akiondoka miezi aliyokuwamo itabaki kuwa na thamani pale alipokubali itumike, na kwamba huenda akatafutwa ili ajulikane hali yake, si ili aadhibiwe. Na ripoti inayotokana na utafiti huo inapaswa kutaja habari za watu wangapi zilikomea, lini, na kwa sababu zipi zinazojulikana. Kazi ya wanalugha ni kuzipatia fomu na ripoti hizo maneno yatakayouwezesha ukweli huo kusemwa.